Kumbukumbu Ambayo Kiwanda Kilisema Ni Yetu

Nianze kwa kuwaudhi kidogo, maana mtu mzima asipowaudhi vijana watadhani amesinzia. Ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya kerneli, ile programu mama ya kompyuta, mnaingia na kiburi. Mnadhani kerneli ndiyo mfalme wa kompyuta kwa sababu kila programu inaipigia magoti kuomba kumbukumbu. Sasa sikilizeni. Kerneli huamka ya pili. Kabla yake ameamka mwingine, ile programu dhibiti iliyochomwa kwenye bodi tangu kiwandani. Yeye ndiye anayewasha taa, anayehesabu kumbukumbu yote iliyopo, anayejua feni iko wapi na betri ina hali gani. Akishamaliza yake ndipo anakuita wewe na kukukabidhi ramani: hapa pako, hapa pangu, hapa pa kioo, hapa usiguse.

Nimeishi na ramani hizo tangu karakana yetu ya Kigali ilipoanza kuunda kompyuta mpaka siku niliyokabidhi kitambulisho cha mlangoni, na nawaambia bila haya kwamba nilikuwa hodari. Huku Niboye ninakoishi, majirani wanajua tu kwamba Mama Keza "alikuwa anatengeneza kompyuta". Mmoja huniletea redio yake kila inapokohoa. Zamani nilijaribu kumweleza tofauti. Siku hizi naitengeneza tu, nanywa chai yake, yamekwisha.

Aliyenifundisha ni Mzee Faustin, shefu wetu, yaani mkuu wetu wa kwanza. Alisomea Kifaransa, shati lake lilikuwa limenyooshwa hata siku za kubeba maboksi, na Kiswahili chake kilinitia kwikwi za kicheko wiki za mwanzo, mimi niliyekulia Mwanza. Lakini Kiswahili ndicho kilichotuunganisha pale, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amerudi nyumbani Rwanda kutoka nchi aliyokulia. Siku ya kwanza aliniketisha mbele ya mashine, akaweka kidole kwenye kioo.

"Memwari hii haiko yako," alisema. "Weye uko mupangaji tu. Ule aliamuka mbele yako, umuulize kwanza iko wapi vitu yake. Tumeelewana, madame?"

Nilisema tumeelewana. Sikuwa nimeelewa kitu, ila shati lile lilinitisha.

Alichotaka kusema ni hiki. Ndani ya kerneli kuna mgawaji, yule anayezipa programu kurasa za kumbukumbu. Kabla hujamwamsha, zungushia kwanza uzio maeneo yote yaliyotengwa. Ukimwamsha kwanza ukasema uzio utakuja baadaye, utakuta ameshagawa. Kulikuwa na fundi mmoja pale, mtu mcheshi kweli kweli, aliyefanya kinyume. Mgawaji wake akachukua kumbukumbu ya kioo na kuzigawia programu, na kioo kikageuka maua matupu, rangi juu ya rangi, kama kitenge cha harusi. Mzee Faustin akaja, akakitazama kwa heshima zote.

"C'est joli," akasema, yaani kinapendeza. "Sasa urudishiye watu kioo yao."

Jambo lingine alilonitia kichwani: ramani za viwandani hujikanusha. Mstari mmoja unasema eneo fulani ni huru, wa chini yake unasema nusu ya eneo hilo hilo imetengwa. Kijana mwenye haraka atachukua ule unaompendeza. Wewe chukua wenye masharti makali. Ukikosea kwa kuacha kumbukumbu iliyokuwa nzima, umepoteza kidogo. Ukikosea kwa kuchukua isiyo yako, umeharibu kazi ya mtu ambaye hata hakujui, naye hatajua ni nani wa kumlaumu, kwa hiyo atamlaumu aliye karibu.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Immaculée, na habari yake ndiyo iliyonifanya nikae chini niwaandikie.

Wakati huo Mzee Faustin alikuwa ameshakwenda kulea wajukuu, na mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa watu wa kerneli. Tuliunda kompyuta ndogo za maabara, zenye betri ndani yake, za kuwekwa kwenye vituo vya afya kando ya mashine za kupimia damu. Immaculée ndiye aliyeandika programu ya kupokea vipimo na kuvionyesha. Alikuwa msichana mpole, mwenye tabia ya kusoma kila mstari kwa kunong'ona, mdomo ukitembea kama anasali rozari. Mugabo, aliyekulia Kampala na kukaa meza ya jirani, alikuwa akimwambia "Amina" kila alipofika mwisho wa ukurasa.

Basi siku moja, kwenye kituo kimoja cha mtaa wa Gitega, hapa hapa Kigali, kipimo cha damu cha mzee mmoja kikaonekana kwenye kompyuta yetu na namba ambayo haijapata kuonekana kwa binadamu anayepumua. Muuguzi alikuwa mwerevu. Akamtazama mzee, akamwona anatafuna karanga, akarudia kipimo. Hakuna aliyeumia. Lakini habari ilifika kwetu, na baada ya hapo zikaja nyingine za namna hiyo, na kila mara namba iliyoharibika ilikuwa ndani ya programu ya Immaculée. Programu nyingine hazikuguswa.

Diregiteri wetu, mkurugenzi wa karakana, alikuwa mtu wa haki, ila alikuwa na wizara inayompigia simu. Aliitisha mkutano ufanyike Ijumaa kule Kimihurura, na akaniambia waziwazi kwamba siku hiyo Immaculée ataondolewa kazini.

"Mama Keza, mimi niko naangalia kitu moja," alisema. "Programu iko ya nani? Iko yake. Bon."

Ninyi mnaijua Kigali. Mji unapendeza, lakini ni mdogo. Ukiondolewa kwa kuchafua vipimo vya wagonjwa, jina lako litakutangulia kila ofisi utakayokwenda, na hakuna atakayekupa hata kibodi ya kufuta vumbi. Immaculée alilijua hilo. Alikuja mezani kwangu, akasimama, mikono nyuma.

"Mubyeyi, nimesoma yote tena," alisema, akiniita mzazi kwa heshima. "Nimesoma mbele, nimesoma nyuma. Siione kosa. Lakini namba inaharibika, ni ya kweli, na wagonjwa ni watu. Pengine kosa iko na mimi siione. Basi niondoke tu."

Nilikasirika, na nisifiche, nilimkasirikia yeye. Nilimwambia kitu ambacho nakiamini mpaka leo: usikubali kosa ambalo hujaliona kwa sababu tu wakubwa wamechoka kulitafuta. Kisha nikachukua programu yake, nikaisoma mwenyewe tangu asubuhi mpaka watu wanakwenda kula. Ilikuwa safi. Nimesoma programu za watu wenye vyeo vikubwa zaidi zikiwa chafu kuliko jiko la bweni.

Kama programu ni safi na namba inachafuka, basi kuna mtu mwingine anayeandika kwenye kurasa zake. Nani? Hapo tukakaa, mimi, Mugabo na Immaculée, tukaifungua ile ramani ya kiwanda kilichotuuzia bodi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwenye ramani kuna aina moja ya eneo lenye utata. Programu dhibiti hulitumia wakati wa kuwasha tu, na kanuni zinasema ukishakabidhiwa mashine, eneo hilo ni lako, litumie. Kompyuta zetu zilikuwa na kumbukumbu ndogo, hivyo tulilichukua lote na kumpa mgawaji. Hatukuiba. Tulifuata kanuni mstari kwa mstari, kama tunavyofuata kila kitu katika mji huu, kuanzia kofia ya pikipiki mpaka njia ya waenda kwa miguu. Nikamwonyesha Mugabo ule mstari. Imeandikwa: eneo huru.

Mugabo akacheka mpaka akafuta macho.

"Banange, nyabo! Jamani, mama! Nyinyi watu ya Kigali munaamini karatasi sana. Kampala, hata kama hati iko na jina yako na muhuri, unaenda kwanza kuangalia kama kuna mutu anapika ndani."

Immaculée akaacha kunong'ona. Kumbe ni kweli, hatukuwahi kwenda kuangalia. Kiwanda kilisema kimehama, nasi tukaingiza wapangaji.

Namna ya kuangalia ni hii, iandikeni mahali. Chukua eneo lote unalolitilia shaka, mnyime mgawaji asilitoe kwa yeyote. Lijaze namba moja, ile ile, mwanzo mpaka mwisho. Kisha weka kazi ndogo ndani ya kerneli ya kupita kila baada ya muda na kukagua. Ni kama kumwaga majivu mlangoni. Kwa kuwa wewe mwenyewe hupiti hapo, unyayo wowote utakaouona ni wa mtu mwingine.

Tukamwaga majivu yetu, tukasubiri. Hakuna unyayo. Siku ikaisha, na ya pili yake ikaisha. Diregiteri alipita akatuona watatu tumekodolea macho kioo kisicho na kitu, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mugabo alianza kusema labda kiwanda kimehama kweli. Nami nikaanza kuogopa, siyo kwa ajili yangu, mimi nilikuwa na umri wa kuvumilia aibu. Nilimwogopea yule binti.

Yeye ndiye aliyetoka. Hakuaga sana. Alikwenda Gitega, akaketi ndani ya ile maabara asubuhi nzima, karibu na kompyuta yetu, akiangalia tu watu wanavyoishi nayo. Alirudi mchana anatokwa jasho, maana alipanda kile kilima cha kwetu kwa kukimbia.

"Mubyeyi, ni chai!"

Nikamwambia akae kwanza. Hakukaa.

"Pale laboratwari prize ya umeme iko moja tu karibu ya meza. Saa ya chai wanachomoa kompyuta, wanachomeka birika. Kompyuta inabakia kwa betri, hakuna mutu anajua kitu. Wakimaliza wanarudisha. Sisi hapa hatuchomoake kitu hata siku moja!"

Ilikuwa kweli tupu. Karakana yetu ilikuwa na betri kubwa za akiba na soketi kila ukuta. Mashine zetu za majaribio hazikuwahi kuonja maisha ya soketi moja. Nikainama chini ya meza, kwa magoti yangu haya, nikachomoa waya.

Mkaguzi alipopita, unyayo ulikuwa pale. Namba chache tu, katikati ya eneo lililoandikwa huru. Nikachomeka, nikachomoa tena. Unyayo mwingine, mahali pale pale. Kumbe kila umeme ulipokatika, programu dhibiti iliamka chini chini kuandika hali ya betri kwenye daftari lake la zamani, ndani ya nyumba iliyosema imehama. Na kwa kuwa programu ya Immaculée ndiyo ilikuwa ya kwanza kuamka kwenye mashine zile, ndiyo iliyokuwa ikipewa kurasa zile. Kikulacho ki nguoni mwako. Mugabo alipiga meza, Immaculée alilia, na mimi, nisiwadanganye, nilicheza kidogo. Kiuno hakikufurahi.

Ijumaa tulikwenda Kimihurura. Chumba kilikuwa na viti vizuri na maji ya chupa, na watu wa wizara wenye nyuso za watu waliokwishaamua. Nilikuwa nimejifunza jambo moja katika miaka yote ile: usiwaeleze watu wa aina hiyo kerneli ni nini. Waonyeshe. Nikaweka kompyuta mezani, nikaiunganisha na projekta ya ukutani, nikamwomba Immaculée aifute programu yake mbele yao wote. Akaifuta. Nikauliza kama kuna yeyote anayeamini bado ipo.

"Diregiteri," nikasema, "naomba uchomoe waya. Wewe mwenyewe."

Alinitazama kama anayedhani namfanyia kiinimacho. Kisha akanyanyuka, akashika tai yake isiguse meza, akachomoa. Tukasubiri mkaguzi apite. Mstari mwekundu ukatokea kwenye ukuta, mkubwa, ukitaja mahali palipokanyagwa. Programu aliyokuwa anailaumu haikuwemo ndani ya mashine.

Akachomeka. Akachomoa. Mstari mwingine. Nadhani alikuwa anaanza kuupenda mchezo.

"Yampayinka," alisema mmoja wa wizara, taratibu, kama tunavyosema tukistaajabu.

Diregiteri alibaki na waya mkononi. Kisha akamgeukia Immaculée, akasema mbele ya watu wote, kwa Kinyarwanda ili neno lisimpite hata mmoja: mbabarira. Nisamehe. Nimefanya kazi na wakubwa wengi. Wengi wao neno hilo wangelimeza na wangeugua tumbo kuliko kulitoa chumbani kama kile.

Lakini kazi haikuisha hapo, na vijana hupenda kusahau sehemu hii. Kumjua mchafuzi si kumzuia. Nilimpa Immaculée aandike marekebisho ya kerneli mwenyewe. Hakuwahi kugusa kerneli, akaniambia hawezi. Nikamwambia aliyeweza kuliona birika la Gitega ataweza na hili. Akaandika. Jaribio la kwanza lilikuwa zuri isipokuwa mahali pamoja, na ni mahali ambapo nimewaona mafundi wa nchi kubwa wakianguka. Kerneli hugawa kumbukumbu kwa kurasa nzima, haigawi vipande. Eneo lililotengwa likianzia katikati ya ukurasa, ufanyeje? Yeye alikata ndani, akaacha kipande kidogo nje ya uzio, kwa kuona ni uchoyo kuchukua zaidi.

"Hapana mwanangu," nikamwambia. "Kumbukumbu yako ukiipima, punguza kingo. Ya mwenzio ukiipima, ongeza kingo. Ukurasa uliokanyagwa na kidole kimoja chake, mwachie wote."

Alinong'ona maneno hayo mara kadhaa. Mugabo akasema "Amina".

Tulituma marekebisho kwenye vituo vyote, na maji ya chai yakaendelea kuchemka bila kumdhuru mtu. Kwetu kila badiliko la kerneli huandikwa jina la aliyelifanya. Mtu mmoja ofisini alinishauri niweke langu, eti lina uzito zaidi mbele ya kiwanda. Nilimwuliza kama uzito unapimwa kwa kilo za mwili, maana kwa hilo nakubali. Jina likabaki la aliyeandika.

Ikapita miezi. Kiwanda, kilichokuwa kikijibu malalamiko yetu kwa barua fupi kwamba ramani yao haina tatizo, ghafla kikaomba mazungumzo kwa video. Wanunuzi wao wa nchi nyingine walikuwa wameanza kuona namba za ajabu, na marekebisho pekee waliyoyapata duniani yalitoka Kigali. Tukaketi karakana nzima. Kwenye kioo walikuwa wazee watatu wenye miwani. Wa katikati akasema wangependa kuzungumza na mtaalamu wetu mkuu wa kerneli.

Watu wote wakanigeukia mimi. Nikajiweka sawa kitambaa cha kichwa, maana mimi pia ni binadamu. Lakini Diregiteri alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Akaishika kamera, akaigeuza ikanipita, akaisimamisha mbele ya binti yule ambaye yeye mwenyewe alitaka kumfukuza.

"Mtaalamu ni huyu," alisema. "Anaitwa Immaculée. Andikeni vizuri, iko na alama juu ya e."

Immaculée hakunitazama kuomba ruhusa. Aliwasalimu, akafungua ramani yao, akaanza kuwauliza mstari mmoja baada ya mwingine: hapa mnaandika nini, mnaandika lini, na mwisho wenu ni wapi hasa. Wazee watatu wakainamisha vichwa wakaanza kuandika. Mimi nilikaa pembeni nimefunga mdomo mpaka mwisho, jambo ambalo wanaonijua hawaliamini nikiwasimulia, na sijawahi kujivunia kazi yangu kama nilivyojivunia siku hiyo ambayo sikuulizwa kitu.